Risasi za Kumtosha Mlezi

Nchi ya Utulivuni haipo. Lisemwe hili mapema, watu wasije wakapoteza siku nzima kuitafuta kwenye ramani, au mtu akainuka kitini akasema huyo Mlezi ni fulani. Si fulani. Fulani tunamheshimu sana, na shabaha yake ni nzuri.

Sasa huko Utulivuni, ambako hakupo, palikuwa na kiongozi aliyeitwa Mlezi wa Taifa, na Mlezi alikuwa na starehe moja tu. Alipenda kupiga risasi. Si kupiga watu, hapana, hayo yalikuwa na idara yake. Yeye alipenda kuvunja visahani vya udongo vinavyorushwa juu kwa mtambo. Kila Jumamosi, akishamaliza pilau yake, alitoka uwanjani na bunduki, vikarushwa visahani hamsini, na jioni redio ikatangaza: "Leo Mlezi wetu amevunja hamsini kati ya hamsini." Haikuwahi kuwa arobaini na tisa. Vile vilivyodondoka vizima vilimaliziwa na askari waliokaa handakini na marungu, na kazi yao kwenye hati za mishahara iliitwa kusaidia upepo.

Wananchi walishaizoea hiyo milio. Akina mama walipimia mboga jikoni kwa milio. Basi Jumamosi moja risasi zikaisha katikati ya mchezo, kisahani cha thelathini hivi, na mji mzima ukanyamaza. Jamani, ilikuwa balaa. Watu waliposikia kimya wakajua tayari, nchi imepinduliwa. Maduka yakafungwa. Waziri wa Ulinzi akakutwa ndani ya friji la kuhifadhia samaki, akasema alikuwa anakagua. Siku ya pili yake ikatoka amri: zinunuliwe mara moja risasi za kumtosha Mlezi maisha yake yote, ili kimya kama kile kisirudie tena Utulivuni.

Amri ikashuka ngazi kwa ngazi, kila aliyeipokea akiisukuma kwa wa chini yake kama kikaango cha moto, mpaka ikatua Idara ya Makadirio, kwenye meza ya Fikirini.

Fikirini alikuwa mtu wa miaka thelathini na nne, mwembamba, mwenye uso wa kutaka kucheka hata msibani. Chuo kikuu alisomea takwimu, akafika mwaka wa tatu. Mwaka huo akabandika tangazo kwamba mkuu wa chuo anawaalika wanafunzi wote nyumbani kwake chakula cha mchana, kila mtu aje na sahani yake. Walikwenda elfu moja na mia mbili. Chuo kikamwambia akapumzike kidogo, na mpaka siku ya hadithi hii alikuwa bado anapumzika.

Mkurugenzi wa idara, Bwana Tegemea, akamwita ofisini na kumpa fomu. Fomu yenyewe ilikuwa na visanduku viwili tu. Kimoja: Jumla ya risasi. Cha pili: Muda wa matumizi, kwa miaka.

"Umeelewa swali?" akauliza Tegemea.

"Nimeelewa, mkuu. Wanauliza Mlezi atakufa lini."

Tegemea alifunga dirisha. Akafunga la pili. "We! Nani kakwambia hivyo? Wanauliza risasi zitatumika kwa muda gani."

"Mpaka lini, mkuu?"

"Mpaka zisipohitajika."

"Na lini hazitahitajika?"

"Fikirini, toka ofisini kwangu."

Kwanza idara ikaandika "Milele" kwenye visanduku vyote viwili, ikapeleka. Ikulu wakafurahi sana. Lakini muuza risasi alikuwa mtu wa ng'ambo, hana adabu za huku, akairudisha fomu na maneno ya upole: hapa tunapokea tarakimu tu.

Tegemea akairudisha kwa Fikirini bila kuitazama, ameishika kwa ncha za vidole. "Ijaze," akasema. "Nani yuko likizo?"

*

Hapo lazima tuieleze ile desturi ya idara, maana bila hiyo mtu atadhani Fikirini alikuwa mwovu. Hakuwa mwovu. Alifanya kama walivyofanya wote.

Pale idarani kila mtumishi alikuwa na muhuri wa sahihi yake, na mihuri yote ilikaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Karatasi ya kawaida ulisaini mwenyewe. Karatasi yenye meno uligonga muhuri wa mtu aliye likizo. Hilo lilikuwa jambo la akili kweli. Wapelelezi wakija wakauliza nani kasaini, wanaambiwa fulani. Yuko wapi? Likizo. Siku ile je? Likizo vilevile. Basi hakuwepo, wanasema wapelelezi, na mtu asiyekuwepo hawezi kukosea, na faili linafungwa kwa chai. Miaka ishirini na mbili desturi hii ilifanya kazi, haikumuumiza hata mtu mmoja.

Fikirini akakaa na fomu yake. Alikuwa na uwezo wa kuandika tarakimu kubwa ya kipumbavu, miaka mia tisa, na kila mtu angelala usingizi. Lakini mkono ulikuwa unamwasha. Unajua, tangu aache chuo hakuna aliyewahi kumpa hesabu ya kweli. Na alishajua kwamba huko juu hakuna anayesoma. Mwaka uliopita, kwenye kisanduku cha ongezeko la watu, aliandika "embe", na fomu ikarudi na pongezi.

Kwa hiyo akaifanya hesabu sawasawa, kama mtu anayejikuna. Jumamosi mbili alishakaa juu ya paa la nyumba yake akihesabu milio. Visahani vilikuwa hamsini, redio ilisema. Milio ilikuwa mia saba. Wiki kwa mwaka ni hamsini na mbili. Halafu akatoa jedwali lake la zamani la umri, lile la mwaka wa tatu, akashusha kidole mpaka wanaume wa miaka sabini na saba, umri wa Mlezi, akaona wamebakiza mingapi. Akaandika: risasi 327,600. Miaka 9.

Akacheka peke yake. Akanyoosha mkono kwenye kopo. Wiki hiyo walikuwa likizo watu watatu. Akachukua muhuri wa Bi Mwatumu, akagonga.

Bi Mwatumu alikuwa mama wa masijala, mwenye miaka ishirini na tisa kazini, mtu ambaye hata faili likipotea alilitafuta huku akiliombea. Alikuwa amechukua siku zake ishirini na nane kwa sababu binti yake wa pekee, Raya, alikuwa anaolewa.

*

Fomu ikapanda. Waziri akasaini, hakusoma. Ikulu wakasaini, hawakusoma. Muuza risasi akasoma.

Baada ya siku kumi ikafika Ikulu kadi nzuri yenye maua meupe, kutoka ng'ambo. Ilisema: Tumeona kwamba baada ya miaka tisa hamtahitaji tena risasi. Tunatoa mkono wa pole mapema kwa msiba utakaowafika.

Mlezi aliifungua kadi mwenyewe, akidhani ni ya sikukuu.

Mchana huohuo redio ikapiga muziki wa tarumbeta nusu saa nzima, halafu ikatangaza Siku za Kumtakia Mlezi Umri. Katika siku hizo hakuna mtumishi wa umma atakayepumzika, wote watakuwa kazini wakimtakia umri. "Kwa hiyo," ikasema redio, "likizo zote zimefutwa kuanzia tarehe mosi ya mwezi huu."

Idarani watu wakatazama kalenda ukutani. Tarehe ilikuwa ishirini na sita.

"Tarehe mosi iliyopita?" akauliza Fikirini.

"Iliyopita," akasema Tegemea. "Maana yake mwezi huu hapakuwa na mtu likizo."

Alhamisi wakamleta Bi Mwatumu. Askari wawili walimtoa nyumbani kwake katikati ya wanawake, hina haijakauka, kwa hiyo aliingia masijala ameinua mikono juu, vidole amevitawanya, kama mtu anayejisalimisha. Shtaka lake lilikuwa na makosa mawili: kwamba siku ile alikuwepo kazini akasaini, na kwamba siku ileile aliyosaini alitoroka kazini.

"Shikamoo, mama," Fikirini akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisogezee huu mtandio, mikono yangu michafu." Akamsogezea. "Eti nimesaini nini mimi?"

Sasa hapo ndipo palikuwa mahali pa kukiri. Maneno yalikuwa matatu tu, na chumba kilikuwa hakina mtu mwingine. Fikirini akafungua mdomo, na kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka.

"Wamekuchagua uwe waziri, mama. Wameona umri unaruhusu."

Bi Mwatumu akacheka mpaka hina ikamdondokea miguuni. "Wewe mtoto utaniua. Nambie kweli, nitatoka kesho? Keshokutwa ndiyo ndoa."

"Utatoka, mama. Kitu kidogo tu hicho."

Wakampeleka Nyumba ya Wageni ya Kamati, ile inayosikiliza mashtaka ya watumishi. Ni nyumba nzuri, ina mapazia, na milango yake inafungwa kwa nje.

*

Ijumaa Fikirini akampelekea wali na maharage. Askari akavila, akamruhusu kuongea dirishani.

"Nenda kwangu," Bi Mwatumu akamwambia, "waambie mchele usioshwe leo, uoshwe kesho asubuhi. Na Raya mwambie asilie, atavimba macho. Mwambie nakuja."

Akaenda. Akakuta ua umejaa wanawake, wengine wanamenya vitunguu, wengine wanaimba, na bibi arusi mwenyewe ndani kafunikwa kanga. Wakamtambua, ni kijana wa ofisini kwa Mwatumu. Kelele zikakoma.

"Mama yuko wapi?" Raya akauliza kutoka chini ya kanga.

Safari hii alijiapiza atasema. Aliapa njia nzima. Akatazama zile nyuso, na visu vilivyosimama juu ya vitunguu.

"Wamemwita kumpongeza," akasema. "Miaka ishirini na tisa kazini si mchezo."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, lo! Shangazi mmoja akalia kwa furaha. Wakamkalisha Fikirini kwenye kiti cha mgongo, wakamletea sahani, wakamchagulia pande la nyama ambalo bwana arusi angelitamani. "Kula, baba, wewe ndiye mleta heri." Akala. Na wakamwongezea.

*

Jumamosi saa nane mchana Kamati ikakaa. Mwenyekiti alikuwa Kanali Badawi, mtu mwenye medali nyingi kifuani hivi kwamba akikohoa zinalia. Wafanyakazi wa idara waliamriwa wahudhurie, wakakaa mstari mmoja ukutani. Bi Mwatumu alisimama mbele, amevaa gauni lake la arusi ya bintiye. Alikuwa ameomba aletewe ili akitoka aende moja kwa moja.

Kanali akasimama. "Ndugu wanakamati. Taifa ni mwili, Mlezi ni kichwa, na kichwa hakina tarehe ya mwisho. Maziwa yana tarehe. Dawa ya kikohozi ina tarehe. Mlezi si dawa ya kikohozi!"

Makofi.

"Mama, hebu tuambie. Hii tisa umeipata wapi?"

Bi Mwatumu alikuwa anatazama saa ya ukutani. "Mimi ni darasa la saba, mheshimiwa. Hesabu zangu ni za kupima unga."

"Lakini muhuri ni wako?"

"Ni wangu."

"Na siku ile ulikuwa wapi?"

"Likizo... aa, mmesema sikuwa likizo. Basi nilikuwa nilipokuwa."

"Ni nani basi aliyegonga?"

Akageuka taratibu, akautazama ule mstari wa ukutani, mtu mmoja mmoja, watu aliowatafutia mafaili na kuwachangia misiba. Alijua desturi, naye alishagonga mihuri ya wenzake. Bwana Tegemea alikuwa anachunguza kiatu chake. Bi Mwatumu akamfikia Fikirini, akatulia hapo kidogo, kisha akamgeukia tena Kanali.

"Sijui, mheshimiwa. Andikeni mimi, ila mnitoe kabla ya alasiri. Alasiri wanamchukua mwanangu."

Fikirini akasimama. Miguu ndiyo iliyosimama, yeye alikuwa bado anafikiri. "Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeandika tisa."

Kisha mtu akapasuka kicheko. Halafu mstari wote. Tegemea akaruka kusaidia: "Mheshimiwa, huyu ndiye yule wa embe! Ndiye wa sahani za mkuu wa chuo!" Wanakamati wakapigapiga meza. Kanali alicheka mpaka medali zikagongana, akatoa leso.

"Kijana, umetufaa, kikao kilikuwa kimekuwa kizito. Sasa kaa chini."

"Si utani, mheshimiwa."

Wakacheka zaidi. Hata karani wa kikao alishindwa kushika kalamu.

Maisha yake yote Fikirini alikuwa hajawahi kuchekesha watu kiasi kile, na hajawahi kutamani wanyamaze kama siku ile. Akatazama saa. Saa tisa kasoro kumi. Huko uwanjani Ikulu, nyuma ya ukuta, mlio wa kwanza wa Jumamosi ukasikika.

Akaenda ubaoni, akachukua chaki.

"Mtu aliyeandika ndiye anayejua njia," akasema. "Tazameni. Risasi laki tatu, ishirini na saba elfu na mia sita. Gawanya kwa miaka tisa." Akaandika: 36,400. "Hizo za mwaka mmoja. Gawanya kwa wiki hamsini na mbili." Akaandika: 700. "Hizo za Jumamosi moja."

Kicheko kilianza kupungua, kama mvua inayohama. Tegemea alishafika mbele kimawazo, akanong'ona: "Fikirini, mwanangu, kaa chini, nakuomba."

"Visahani ni hamsini. Mia saba gawanya kwa hamsini."

Akaandika 14, risasi za kisahani kimoja, akaizungushia duara. Huo ulikuwa uzembe, lile duara. Lakini mwalimu wa takwimu alimzoesha kuzungushia jibu.

Kicheko kikaisha kabisa. Mji wote ukasikika, na nje ya dirisha Mlezi akawa anashughulika na kisahani. Pa. Pa. Pa. Wanakamati walikuwa wanatazama dari, lakini midomo yao ilikuwa inacheza. Pa. Pa. Kanali Badawi, mtu wa vita, kidole chake kilikuwa kinagonga meza bila ruhusa yake. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Halafu pumziko dogo, mtambo unajazwa kisahani kingine.

"Mheshimiwa," karani akasema kwa sauti ndogo sana, "niandike nini?"

"Andika..." Kanali akautazama ubao. "Usiandike."

"Niandike 'usiandike'?"

"Weka kalamu chini!" Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaona 14 bado iko palepale, akaivua tena. "Ubao ugeuzwe. Asiusome anayeugeuza. Ndugu wanakamati, hiki kikao kimefanyika?"

Wanakamati wakafikiri. Kama kimefanyika, kuna kumbukumbu. Kama kuna kumbukumbu, kuna namba. Kama kuna namba, kuna mtu wa kuipeleka kwa Mlezi, na huyo mtu lazima awe na jina.

"Hakijafanyika," wakasema kwa pamoja.

"Basi kama kikao hakijafanyika, huyu mama hajashtakiwa. Kama hajashtakiwa, yuko wapi?"

"Likizo," akasema Tegemea haraka.

"Likizo. Risasi ziagizwe hizohizo, kisanduku cha miaka kipigwe mstari. Hatukuonana leo."

Wakaanza kutoka, wakigombania mlango. Fikirini akamshika Kanali mkono wa koti.

"Na mimi je, mheshimiwa?"

"Wewe nini?"

"Adhabu yangu."

"Ya kosa gani?"

"Nimeandika ile tisa. Nimemgongea mama wa watu muhuri. Kafungiwa siku mbili."

Kanali akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa. "Kijana, hakuna kilichotokea. Nenda nyumbani."

"Hata faini?"

"Hata faini."

Hivyo ndivyo Utulivuni ilivyomsamehe, na hakuna aliyemuuliza kama anautaka huo msamaha.

*

Walitoka pamoja mpaka barabarani, Bi Mwatumu amekunja pindo la gauni lisiguse vumbi. Hina ilimkauka vibaya, imemwagikia mpaka viganjani. Akaomba simu ya muuza vocha, akapiga nyumbani. Alisikiliza muda mrefu. Alisema "Eeh." Akasema "Mlimpa ile mikufu?" Akasema "Haya. Haya. Alhamdulillahi," akarudisha simu.

"Wameshamchukua," akasema. "Robo saa sasa. Kalia sana."

Fikirini alitafuta la kusema. Yale ya kuchekesha yalikuwepo, mengi tu, yamepanga foleni. Akayaacha hukohuko.

"Nisamehe, mama."

Akawa kama hakusikia. "Wiki ile walikuwa likizo nani na nani?"

"Wewe, na dereva Kombo, na Bwana Tegemea."

"Tegemea mwenyewe?"

"Siku tatu, baada ya kunipa fomu. Alikuwa anakuja kuchukua magazeti."

"Kwa hiyo mihuri ilikuwa mitatu." Akafikiri kidogo. "Kwa nini ukachukua wangu?"

Na Fikirini, aliyewadanganya bibi arusi, shangazi, na nyumba nzima ya watu, safari hii hakuweza. Jibu alilijua tangu siku ile mkono wake ulipokuwa ndani ya kopo. Alilijua hata kabla hajacheka.

"Kwa sababu Tegemea angenifukuza, na Kombo angenipiga. Wewe nilijua hutakasirika."

Bi Mwatumu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa faili alilolitafuta miaka mingi.

"Sasa nimekasirika," akasema.

Hakupandisha sauti. Alilisema kwa uangalifu, kama neno geni, akiliangalia linavyokaa.

"Nimekasirika, Fikirini. Jumatatu ukiniona masijala, usinipe shikamoo. Sitaipokea."

Akaachia pindo la gauni, likaburuta vumbini, akaanza kutembea. Fikirini akabaki pale. Alingoja kidogo, labda angegeuka akacheka, amwambie wewe mtoto utaniua. Mama alifika kwenye kona, akapinda.